Mwisho Ambao Haukuonyeshwa

Ninyi mmekuwa na wiki nzima ya kupumua. Yeye hakuwa nayo. Karatasi ile ya maoni, namba arobaini na moja, ingali katikati ya vidole vyake. Saa ya ukutani ingali inasema saa tisa na dakika ishirini mchana. Na kijasho chembamba kingali kinamteremka mgongoni, vilevile kama tulivyomwacha.

Kwa aliyeketi nasi leo kwa mara ya kwanza: hapa ni kituo cha televisheni, katika chumba kidogo kinachotazamana na chumba cha uhariri. Mwanamke huyu huitwa Dada wa Maoni, kwa sababu kazi yake ni kusoma kila neno ambalo watazamaji huliandika na kusikiliza kila neno wanalolisema kwa simu. Mezani pake pana simu tatu na trei tatu. Ya kwanza ni ya Sifa, ya pili ni ya Lawama, na ya tatu haina kibandiko, ila jengo zima huiita trei ya Wehu.

Jana jioni, tamthilia ya uhalifu iliyowakalisha watu mbele ya televisheni kwa miaka minne ilimuua muovu wake mkuu, Koleo. Aliporomoka kutoka juu ya tangi la maji, umati ukishangilia chini. Aliyemwigiza Koleo ni kaka yake Dada wa Maoni, wa tumbo moja.

Sasa karatasi. Ilipigwa chapa, haina jina, na ilikutwa ndani ya sanduku la maoni langoni:

"Nimeutazama mwisho wa Koleo, nao haukuniridhisha. Kile kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto, akanywa, akabakiza. Muovu hapaswi kubakiza. Leo saa kumi, marudio yakianza, atakimaliza. Simsemi Koleo. Namsema anayemwigiza."

Aliisoma mara ya nne. Ndipo akaweka kidole juu ya neno moja.

Kikombe gani?

Katika mwisho wa jana hapakuwa na kikombe. Palikuwa na tangi, ngazi na umati. Kikombe kilikuwa katika mwisho wa pili, ule ambao Koleo hutiliwa sumu na mkewe mezani. Miisho yote miwili ilirekodiwa, lakini mmoja tu ulionyeshwa. Aliyefanya mwisho wa tangi uchaguliwe alikuwa Dada wa Maoni mwenyewe, kwa ripoti ya kurasa mbili aliyomwandikia Mkurugenzi: "Watazamaji wanataka aanguke mbele za watu." Mwisho wa kikombe ukafungiwa kabatini. Hakuna mtazamaji aliyeuona, si mjini wala popote.

Basi aliyeandika karatasi hii hakuwa mtazamaji. Alikuwa mtu wa humu ndani.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Dada wa Maoni akaruka kitini.

"Marehemu anabisha hodi!" ilisema sauti nene iliyowanyima watu usingizi kwa miaka minne. "Mna maji ya kumpa maiti?"

Alikuwa kaka yake. Mrefu, mabega mapana, kovu la bandia limeshatolewa shavuni, amevaa shati jeupe ambalo Dada wa Maoni alimpigia pasi alfajiri. Kabla ya kuigiza alikuwa muuza dawa katika duka la mtaani, akiwapima wazee joto na kuwakemea wasiomaliza vidonge. Mtu huyu, ambaye akina mama huwavuta watoto wao wamwonapo barabarani, humwogopa kuku.

"Haya, mdogo wangu, nisomee. Wanalia?"

"Kaka, kaa chini."

"Nikae nini! Leo narekodi salamu za kuwaaga." Mkono wake ulikuwa tayari umo katika trei ya Sifa. "Sikia huyu: 'Asanteni kwa kumtupa yule shetani. Jana nimelala na dirisha wazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.' Unaona? Nimewaumiza sawasawa! Na huyu wa Lawama: 'Tangi lile lilikuwa kavu, lilisikika likilia debe. Nani anamkimbiza mtu juu ya tangi kavu? Mimi fundi bomba, mmenidharau.'"

"Kaka."

"Nini?"

"Namba thelathini na nane, thelathini na tisa na arobaini zimeandikwa na mtu mmoja. Anajiita mama wa watoto sita. Anasema Koleo arudishwe kwa sababu wanawe hawali."

Kaka mtu akatazama viatu vyake.

"Ulijuaje?"

"Mama wa watoto sita hana nafasi ya kuandika kurasa mbili juu ya uzuri wa sauti yako."

"Mdogo wangu, nimekuwa muovu miaka minne. Kesho nitakuwa nani? Nirudi kupima watu joto?"

"Na hii je? Hii nayo ni yako?"

Akampa namba arobaini na moja. Kicheko kilikuwa bado kimening'inia mdomoni mwake alipoanza kusoma. Alipofika mwisho, hakikuwepo. Aliishusha karatasi polepole, kama mtu anayetua kitu kinachoweza kupasuka.

"Hii siyo yangu."

"Apa."

"Haki ya mama aliyetuzaa. Hii siyo yangu."

Feni ilikuwa ikizunguka juu yao, lakini chumba kilikosa hewa.

Wakati huohuo pakagongwa mlango, mara mbili, kwa adabu. Aliyeingia alikuwa Mhariri wa picha, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, ambaye wote walimwita Mzee tu, kwa maana hapakuwa na wa kumzidi umri humo. Kwa miaka thelathini alikuwa amekaa gizani akikata na kuunganisha picha za wengine. Ndiye aliyempokea Dada wa Maoni siku yake ya kwanza, akamfundisha kusoma matusi ya watu asubuhi na kula chakula cha mchana kwa amani.

"Mbona mmekauka hivi?" akauliza. "Kuna msiba?"

Dada wa Maoni akamkabidhi karatasi bila kufikiri, kama mtoto anavyomkabidhi baba mwiba uliomchoma.

Mzee akavaa miwani. Akasoma taratibu. Kisha akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa koti lake.

"Hii siyo ya wehu," akasema. "Huyu ana akili timamu, na ndilo jambo baya. Walioujua mwisho ule ni wachache. Hebu niambieni, ni nani humu anayeandaa vikombe?"

"Mtunza Vifaa," kaka mtu akanong'ona.

"Mimi sijamtaja mtu."

"Yeye ndiye aliyenitilia ile chai siku ile!"

"Mimi sijamtaja mtu," Mzee akarudia, kwa upole uleule. "Lakini sasa ni saa tisa na nusu, na salamu zako utazirekodia studioni kwake, palipojaa vyombo vyake. Njoo kwangu. Mlango wangu ni mnene, wa kuzuia sauti, na ufunguo wake ni mmoja tu, ninao mimi. Utarekodia kwenye kibanda changu cha sauti, nyuma ya kioo. Kamera ndogo ninayo."

"Lakini Mzee, si leo Jumatatu?" Dada wa Maoni akauliza. "Marudio huyarushi wewe mwenyewe kutoka humo?"

"Kila Jumatatu, mwanangu, chumba kikuu kikifanyiwa usafi. Nitayarusha huku namlinda. Kazi mbili kwa mkono mmoja; nimezizoea. Simu yake tu aiache kwako, huniharibia sauti."

Kaka mtu akaiweka simu mezani. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni.

"Na ule mwisho wa kikombe utanionyesha, Mzee? Nilikufa vizuri sana siku ile."

"Ulikufa vizuri, mwanangu. Ni wao tu waliokataa."

Msomaji, kama kuna jambo umeliona hapo, limeze. Dada wa Maoni hakuliona. Hofu ilikuwa imemwelekeza macho upande mmoja, na mtu aliyeelekezwa hivyo haoni kilicho begani pake.

"Mzee," akasema walipofika mlangoni, "nakuomba. Asinywe kitu chochote."

"Hata maji," Mzee akajibu, akamshika kaka yake kiwiko. Mlango mnene wa upande wa pili ukajifunga bila mlio.

*

Chumba cha vifaa kilikuwa chini, mwisho wa ngazi. Bunduki za mbao zilipangwa ukutani kama mafagio. Palikuwa na simu zisizo na waya, majeneza mawili ya maboksi na chupa za pombe zilizojaa maji ya rangi. Katikati alisimama Mtunza Vifaa, pande la mtu, akilisugua kwa kitambaa fuvu la plastiki.

"Dada wa Maoni! Umekuja kunisifu au kunilaumu? Maana ile trei yako ya tatu mimi siitaki."

"Kikombe cha Koleo kiko wapi?"

"Aa, hata salamu hakuna?"

"Nimekuuliza kikombe!"

Mtunza Vifaa akaliweka fuvu chini. "Dada, sauti hiyo siyo yako. Kuna nini?"

"Umemwandikia kaka yangu barua ya kumuua." Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, naye akayasema huku amelishika koleo la kweli alilolikuta mezani, bila kujua amelishika. "Umesema alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akabakiza, na leo atamaliza. Sema hukuandika! Sema hapa hapa!"

Ajabu, pande la mtu likacheka.

"Mkono wa kushoto? Basi huyo aliyeandika muongo. Kwa wa kushoto angekishikaje? Siku ile kaka yako alikuwa na bandeji."

"Bandeji gani?"

"Si alijiunguza kwa pasi? Nilimwambia, ndugu yangu, Koleo hapigi pasi, ficha mkono huo chini ya meza. Akanywa kwa wa kulia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo karibu na chupa, nimeona kwa macho yangu."

Dada wa Maoni akakumbuka. Bandeji ile aliifunga yeye mwenyewe, jikoni kwake, kaka yake akilalamika kama mtoto. Mkono wa kushoto.

"Kwa hiyo aliyeandika hakuwepo," akasema taratibu.

"Au alikuwepo, asione tulivyorekodi, akaona ilivyohaririwa." Mtunza Vifaa alikuwa ameacha kucheka. "Unajua mke wa Koleo tulimkalisha upande usiofaa, ikawa kama hawatazamani. Mzee akasema msihangaike kurudia, nitaigeuza picha ya Koleo. Huwa anafanya hivyo, kama kwenye kioo. Ikigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto."

"Nani ameiona ikiwa imegeuzwa?"

"Nani aione? Mkurugenzi alisoma ile ripoti yako, akasema wa kikombe hautaki hata kuutazama. Ule haujatoka chumbani kwa..."

Hakumaliza.

Koleo likamponyoka Dada wa Maoni, likalia sakafuni. Yeye hakulisikia.

"Kikombe," akasema. "Kikombe kiko wapi?"

Mtunza Vifaa hakuhitaji kufungua daftari lake la kuazimisha, lakini alilifungua, labda kwa sababu mikono yake ilitaka kazi. "Cha bluu. Kimetoka asubuhi hii. Kachukua Mzee. Alisema anataka kukiweka kwa kumbukumbu."

Ukutani, saa kumi kasoro dakika tatu.

Alimpeleka. Kwa mkono wake na kwa kinywa chake mwenyewe, alimkabidhi ndugu yake.

Wakatoka shoti.

*

Taa nyekundu juu ya mlango wa uhariri ilikuwa inawaka. Kitasa hakikugeuka. Dada wa Maoni alipiga kwa ngumi, kwa viganja, kwa bega. Mlango ule ulivimeza vishindo vyote kama godoro. Mtunza Vifaa akajitupa mzima mzima, akarudi akiwa ameshika bega.

"Hauna hata pa kuuvunjia!"

Dada wa Maoni akakimbilia chumbani mwake, akapiga simu ya ndani. Ikaita mara moja tu.

"Dada," ilisema sauti ya Mzee, chini kabisa, "msigonge. Tunaingia hewani."

"Mzee, mfungulie! Nakupigia magoti. Sina ndugu mwingine!"

"Hasikii. Yuko nyuma ya kioo, na nimemwambia anarekodi kumbukumbu tu, na kwamba chai nimeichemsha mimi, si Mtunza Vifaa." Kitu kikabofywa upande wake. "Miaka thelathini nimekata kila nilichoambiwa nikate. Mwisho ule ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa moyo wangu wote. Ukaenda kuwauliza watazamaji, mwanangu. Mimi hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa! Mzee wangu, nakuuliza sasa!"

"Andika maoni," akasema Mzee. "Nitayasoma."

Simu ikakatwa.

Televisheni ya chumbani, ambayo haizimwi mchana kutwa, ikapiga muziki wa tamthilia. Lakini marudio hayakuanzia mwanzo. Yalianza na maandishi meupe: MWISHO WA KWELI. Kisha akatokea kaka yake, nyuma ya meza ndogo, ndani ya shati jeupe la alfajiri. Mfuko wa shati, ambao hukaa kifuani kushoto, ulionekana kulia kwake.

Picha ilikuwa imegeuzwa.

Mbele yake palikuwa na kikombe cha bluu, kinafuka mvuke.

Akaanza kusema kwa sauti ya Koleo, akitabasamu lile tabasamu la nusu mdomo. Aliigiza kwa furaha. Alikuwa amerudishiwa kifo chake kizuri, asijue kwamba nchi nzima inamtazama, wala kwamba dada yake yuko hatua sita kutoka hapo.

Ndipo simu zikaanza kulia. Zote tatu.

Kwa mazoea ya miaka, mkono wake ukainua ya kwanza.

"Hongereni jamani!" Sauti ya mama mmoja, yenye bashasha. "Huu ndio mwisho! Lile tangi lilikuwa la kitoto!"

Akaiangusha, akainua ya pili, akitafuta mtu yeyote mwenye masikio.

"Msimharakishe," alisema mwanamume mmoja. "Afe polepole, tumfaidi."

Hao walikuwa watu wema. Huenda walikuwa wamewalaza wagonjwa wao na kuwasalimu majirani zao asubuhi ile. Mbele ya kioo chenye mwanga waliomba mtu afe taratibu, na waliomba kwa heshima zote.

Ya tatu. Msichana. "Leo anaigiza kama hajui kabisa kinachomngoja. Hapo mmeniweza!"

"Hajui!" Dada wa Maoni akapiga kelele. "Hajui, mama yangu, hajui!" Akageuka mlangoni. "Swichi kuu! Kata umeme!"

"Wa jengo zima?" Mtunza Vifaa akauliza, mguu mmoja tayari ngazini.

"Wa dunia nzima ukiweza! Kimbia!"

Vishindo vya miguu vikateremka. Katika televisheni, kaka yake alinyoosha mkono. Wa kushoto machoni pa watu. Wa kulia kwa kweli, ule uliokuwa ukimvusha barabara wakienda shule. Vidole vikakizunguka kikombe. Akakiinua. Akakinusa, kama Koleo alivyokuwa akinusa kila kitu, na kwa nukta moja uso wa Koleo ukamtoka, ukabaki wa muuza dawa.

Alikuwa amenusa kitu anachokijua? Au ilikuwa ni uigizaji?

Kikombe kikafika mdomoni.

Giza.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Taa nyekundu juu ya mlango ikafa. Mtunza Vifaa alikuwa ameifikia swichi. Na kwa kukata umeme, alikuwa amelikata pia jicho pekee ambalo Dada wa Maoni alikuwa nalo ndani ya chumba kile. Akausogelea mlango mnene, akabandika sikio. Hakusikia kitu, si sauti wala kikohozi.

Nyuma yake simu moja iliendelea kulia. Simu za mezani haziujali umeme wa jengo. Alirudi akaiinua bila kujua kwa nini.

Alikuwa mzee fulani, mpole, mwenye pumzi fupi.

"Binti yangu, mmekata pale pale! Watu wazima tumekaa hapa roho mkononi. Haya tuambie, wewe uliye huko ndani: amekunywa, au hakunywa?"

Akaiweka simu mezani bila kuikata.

Na ng'ambo ya ukumbi, katika kimya kile, ufunguo mmoja tu wa mlango ule ukaanza kuzungushwa taratibu, kutoka ndani.